Mstari wa Majivu

Klabu yetu haina jengo. Ina filimbi,
ndoo moja ya maji, daftari la hesabu,
na mstari wa majivu anaoumwaga Kashindye
kila Jumamosi alfajiri, nje kidogo ya Tabora,
pale njia inaposhika kuelekea Kwihara.

"Kila mtu anakaribishwa," alisema kocha Kapela
siku niliyolipa kiingilio.
Sikuuliza kila mtu ni nani.
Nina miaka arobaini na mitatu, goti moja linaongea,
nafundisha darasa la pili kule Isevya.
Nilinunua raba za mtumba: ya kushoto nzima,
ya kulia imeliwa kisigino na mwenyewe wa kwanza.

Basi tukaondoka.
Dakika tano za mwanzo mimi ni mwenzao,
nasikia pumzi za Mayunga,
naona soli za Wande zikirusha mchanga.
Kisha migongo. Kisha fulana. Kisha rangi tu kati ya miyombo.
Kisha vumbi lao, nalo likatua.
Nikabaki na mlembe, ananikazania kwa kelele
kana kwamba nimekuja kurina asali,
na kijana wa baiskeli ya mkaa
aliyenipita, akageuka, akauliza:
"Mwalimu, umepotea?"

Nilipofika, daftari limefungwa,
ndoo imefudikizwa.
Mbuzi wamepita juu ya majivu
nami nikamaliza mbio mahali nilipokisia.
"Pole pole ndio mwendo," Wande akaniambia, kwa moyo mwema.
Msinipe methali.
Methali ni leso: inafuta jasho,
haiandiki jina.

Mwezi wa nane tukashindana na Urambo na Nzega.
Karatasi ilisema timu ni watu sita, na sita wafike.
Tulikwenda saba, mimi nikiwa wa kubeba maji na akiba.
Kilomita ya saba Mayunga akatumbukia kwenye shimo la muhanga,
kifundo kikaumuka kama andazi.
Hesabu ikanigeukia.

Walirudi kunifuata, wote,
wakakimbia pembeni yangu wakipiga makofi,
"Mwalimu! Mwalimu!"
na nakiri, nusu yangu ilifurahi.
Nusu ya pili ikauliza, huku inahema:
wanamshangilia Mgole,
au wanaishangilia namba sita?
Urambo walishinda. Sisi tukawa wa mwisho,
lakini tukaandikwa.
Kapela akanishika mkono, hakuuachia upesi.
Usiku goti likaniamsha,
nikalikuta na lile swali wanazungumza.

Jumamosi iliyofuata hapakuwa na mashindano.
Hakuna aliyehitaji wa sita.
Nusura nibaki nafua.
Nilikwenda.
Vumbi lao likatua kama kawaida, mlembe akapiga kelele kama kawaida,
yule wa mkaa safari hii akanipungia tu.

Natokea kwenye miyombo jua limeshapanda.
Wande ameshakwenda sokoni,
Mayunga ameketi juu ya ndoo, bandeji mguuni, anamenya muwa,
na Kashindye kasimama kwenye majivu yake
fimbo mkononi, anafukuza mbuzi,
anawatukana ukoo mzima.
Daftari liko kwapani,
kidole kimewekwa kati ya kurasa.

Nikavuka.
Akatazama saa. Hakutabasamu.
Hakuniambia nimejitahidi.
"Themanini na moja, na sekunde nne," akasema, akaandika.
"Wakati wa Urambo ulikuja na sabini na nane.
Umezembea wapi?"

Mikono magotini, mate mazito, nikatafuta pumzi ya kujibu.
"Kwenye mchanga," nikasema,
"pale baada ya daraja bovu, nilianza kutembea."
"Usitembee pale," akasema.
Mayunga akanyanyuka polepole, akafunua ndoo.
Chini yake palikuwa na kikombe cha maji, kimejaa.