Mkaja

Siku ya tisa ya arobaini yangu, hapa Mtambwe,
Bi Mize kaingia na birika, kitambaa
na malalamiko yake juu ya bei ya makonyo.
"Lala," kasema. Nikalala.

Maji ya moto yakashuka mgongoni, kiunoni, nyongani.
Alinikanda kama unga wa wageni wasiopendwa,
haraka haraka, macho yako dirishani,
mpaka akafika bega la kushoto.

Bega likaruka.
Mimi sikuruka. Bega ndilo.
Likapanda hadi sikioni, likajikunyata huko.

"Hapa pana nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na bandari ya Mkoani,
saa moja asubuhi, miaka ishirini na moja nyuma,
kidole cha mama kikijichopoa katika ngumi yangu:
"Naenda Maskati. Nitakuletea viatu vya kuwaka taa."
Shangazi akalishika bega hili
kama mpini, nisiikimbilie meli.
Viatu vilikuja, mkononi mwa mgeni.
Vilinibana.

Tangu hapo naitwa mpole.
Mtoto hasumbui. Mke hasumbui.
Hamadi hushangaa tu:
akinigusa usiku, nami nimo usingizini,
nasema, "Samahani."

Nilingoja Bi Mize asukume.
Hakusukuma. Kaweka kiganja, kizito,
akakiacha palepale,
akarudi kwenye makonyo yake:
nani kapunjwa, nani kauza mabichi.
Maji yakapoa, akaongeza mengine.

Kwanza meno yaligongana, na jua la saa sita lile.
Kisha magoti. Kisha tumbo, tupu, legevu,
likatetemeka peke yake,
na sauti ikatoka, si kilio wala kikohozi,
sauti ya mlango uliovimba kwa masika
ukilazimika kufunguka.
"Liache," kasema. "Litoke."

Sisemi limepona.
Jana upepo ulibamiza dirisha, likapanda tena.
Lakini aliponifunga mkaja, akaukaza,
nilijua mahali ninapoanzia
na mahali ninapoishia.

Kanipa mtoto. Nimemlaza kushoto.
Ngumi yake imekamata kidole changu, kalala.
Uji wa pilipili manga unapoa.
Mkojo umenibana.

Sichopoi.