Jina la Kati

Karani wa vizazi na vifo, mjini Huntly,
ana kikombe cha chai na kalamu ya wino mzito.
Nje mvua ya Machi inapiga kuta za granaiti,
nami nina mtoto wa siku tisa kifuani, amelala
kama mtu asiyedaiwa kitu.

"Jina la kwanza?" Elspet.
"La ukoo?" Duguid, la baba yake.
"La kati?" Nikasema: Imlach.
Akainua macho. "Hilo si jina la mtoto, mama.
Hilo ni la ukoo."
Najua. Ndiyo maana.

Walikuwa watatu, kaka zake bibi.
Wa kwanza alifukiwa machimboni asubuhi ya Jumanne,
chakula chake cha mchana kikarudi nyumbani hakijaguswa.
Wa pili alivuka bahari hadi Manitoba, akazaa mabinti watano,
na mabinti, huku kwetu, huolewa,
jina wakaliacha mlangoni kama viatu vyenye tope.
Wa tatu ni Dod. Dod hakuoa.
Ana kondoo arobaini, kila mmoja na herufi I mgongoni,
rangi nyekundu, mkono usio na haraka.

"Linaandikwaje?" karani akauliza.
Hapo nikakwama.
Maana jiwe la kaburi la baba yake bibi linasema Imlah:
mchongaji aliishiwa nafasi, akameza herufi moja,
nao wenyewe, wabahili wale, wakalipa pungufu
na wakanyamaza.
Bibi alikwenda pale na chaki kila Pasaka,
kuichomeka C kati ya A na H.
Mvua ikaja, ikaifuta. Naye akarudi.
Miaka thelathini ya chaki,
hadi alipolazwa hatua kumi kutoka hapo
chini ya jina la mumewe.

"Kwa C," nikasema. "Na kwa wino."

Mume wangu alinuna njia nzima.
Shuleni watamcheka, alisema; jina gani hili,
linaishia kooni kama kikohozi.
Nikamwambia: akoholewe tu.
Anayekohoa yu hai.

Jioni tulimpeleka kwa Dod.
Hakusema asante; bonde lile
asante huwekewa harusi na meneja wa benki.
Alimkagua mtoto kama akaguavyo mwanakondoo:
masikio, kucha, uzito.
"Na mbona mmeliweka katikati?"
"Kwenye trekta yako," nikamwuliza, "tulipokuwa wadogo,
ulikuwa ukituketisha wapi?"
Akafikiri. "Katikati."
"Kwa nini?"
Akainuka kuongeza kuni. Moto ulikuwa hauhitaji.

Sijidanganyi. Najua litakakoishia:
kwenye daftari la mwalimu, Elspet I. Duguid,
herufi moja na nukta yake,
na siku atakapoulizwa ile I ni ya nini
huenda atabinua mabega.

Sawa. Leo asubuhi ukungu ulipoachia mlima
niliwaona kondoo wa Dod wakipanda kwa mstari,
I, I, I,
na mmoja nyuma, amepakwa vibaya,
rangi imemchuruzika hadi ubavuni.
Huyo ndiye niliyemwonyesha Elspet.
Alikuwa anatazama kifungo cha koti langu.