Futi Saba kwa Nne

Kabla hajalipa alipima kwa nyayo,
Mfaume, kisigino mbele ya kidole, kisigino mbele ya kidole,
toka ukuta wa dirisha hadi ukuta wa kabati,
akasema: Inaingia.

Ikaingia, kweli.
Vijana sita waliibeba toka baa iliyofilisika kule sokoni,
waling'oa mlango, wakang'oa na fremu,
wakaisimamisha kwa ubavu kama ng'ombe anayekataa zizi,
na plasta ya sebule yangu ikadondoka mapande mapande.
Meza iliingia.
Aliyesahauliwa ni mchezaji.

Maana pulu haichezwi kwa macho.
Fimbo ina futi zake tano na inataka kurudi nyuma,
na nyuma pana kabati, pana kochi, pana mimi.
Pigo la kwanza lilipasua chupa ya chai.
Pigo la pili, kiwiko kikagonga swichi, tukawa gizani,
tukausikia mpira mweupe ukitembea peke yake,
polepole, kuelekea upande wa chumba cha kulala,
kwa sababu sakafu yetu, kumbe, ina mteremko,
na miaka kumi na moja tumeishi juu yake
bila kujua tunakoegemea.

Kochi likaenda barazani, likanyeshewa.
Kabati likaenda kwa wifi yangu Asumini, halijarudi.
Chini ya mguu mmoja akasokomeza stakabadhi ya ghala,
ile ya mnada wa tatu, imekunjwa mara nne:
kilo mia sita na kumi za korosho
zikanyanyua meza nusu inchi.
Nikamwambia, afadhali, leo korosho zako zimeinua kitu humu ndani.

Upande wa dirisha ulishindikana.
Basi akang'oa nondo mbili,
na kila akitaka kupiga kutokea huko
kitako cha fimbo kinachomoza uani kwa Bi Nantende
katikati ya kanga zake mbichi.
Siku moja alikishika.
Mfaume akavuta, yeye akavuta,
nami nikacheka hadi nikakaa sakafuni,
pengine pa kukaa hapakuwepo.

Usiku ule nilichukua msumeno wa marehemu baba
nikaikata fimbo ya akiba, ikabaki futi tatu.
Alinuna siku mbili.
Ya tatu akaitumia, hakusema asante,
akasema tu: Somoe, ungeipiga msasa.

Watu husafiri kuja Newala kuona Shimo la Mungu,
wasimame ukingoni, waone bonde lote hadi Msumbiji.
Sebule yangu ina mashimo sita.
Ukisimama ukingoni unaona
doa jeupe ukutani, kabati lilipokuwa.

Halafu meza ilikuja na tabia ya baa:
bila sarafu ya mia mbili haitoi mpira,
hata kwa mwenye nyumba, hata akiipiga teke.
Ufunguo wa kisanduku aliutafuta wiki nzima.
Umo ndani ya chungu cha chumvi.
Kila Ijumaa akienda msikitini nafungua, nahesabu,
zake, za shemeji zake, za mwalimu Nnunduma anayefungwa kila jioni.
Nataka simtanki la lita elfu moja
nipumzike kununua maji kwa ndoo.
Mahali litakapokaa sijapapima.

Watoto wamehamia uvunguni, wametandika mkeka.
Ndiyo nafasi pekee iliyoongezeka.
Usiku wanaume wakicheza, na mpira ukatumbukia
ukabingirika ndani ya tumbo la meza, juu ya kichwa cha Shaweji,
ngurumo ndefu, halafu kimya,
mtoto husema usingizini: Mama, mvua.

Nami najua si mvua.
Najua ni mwalimu kafungwa tena.
Lakini miguu imezaliwa Newala, haisikilizi,
imeshasimama, imeshafika jikoni,
inatafuta ndoo.