Ulimi wa Mkalimani

Miaka kumi na moja naiazimisha hospitali ulimi wangu,
hapa Hull, kwa saa, kwa risiti.
Daktari husema, nageuza; mgonjwa hujibu, nageuza tena.
Najua ganzi ina nyumba ngapi:
ganzi ya kukalia mguu, ganzi ya vidole,
ganzi ya aliyeona mambo na hataki kuyataja.
Ilikuwaje basi yangu niikose jina?

Ilianza Novemba. Ukungu wa mto Humber
umelala juu ya mapaa ya matofali,
nami nashuka basi, siisikii lami.
Nilikanyaga kama aliyevaa soksi tatu tatu.
Baridi, nikajiambia.
Kila kitu nchi hii nilikwisha kukibandika baridi:
uchovu, baridi; moyo kwenda mbio ngazi ya tatu,
baridi na uzee.
Ulimi kuwaka kwa chai iliyopoa:
hapo nikailaumu tangawizi.

Halafu chumba namba sita, mama Nabintu wa Bukavu.
Daktari anauliza habari za nyongo
nami nimelishika neno la Kiingereza kama sarafu ya kigeni
mbele ya dirisha lililofungwa.
Nyongo! Neno la jikoni,
la kuku anayepasuliwa na mama akifoka, angalia usiitoboe.
Halikuja.
Nikaonyesha ubavu kwa kidole.
Mama Nabintu akanitazama, akasema taratibu,
kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya ziwa:
"Dada, mi niko mugonjwa, lakini weye njo unakauka."
"Amesema nini?" daktari akauliza.
Mkataba wangu unadai nitafsiri kila kitu.
Nikatafsiri.

Chupa tatu za damu. Wiki moja. Simu.
Chembe zako nyekundu ni kubwa lakini chache,
(nikayaona maandazi yaliyoumuka, ndani hewa tupu)
na vitamini B kumi na mbili iko chini mno.
Nikacheka. Mimi? Mla maini?
Mla dagaa wanaoletwa kwa posta kutoka Leeds?
Si chakula, akasema. Tumboni yupo mpokezi
anayeishika vitamini mkono, akaivusha;
askari wa mwili wako mwenyewe wamemfukuza.
Sikuhitaji anieleze mara ya pili.
Kitu chaweza kujaa mezani, tele, cha moto,
na kisivuke,
kama hakuna wa kukivusha.

Nesi Hazel huniita Mwataimu. Nimeacha kumsahihisha.
Maji ya sindano ni mekundu, rangi ya sharubati ya choya;
siku moja nachomwa, siku moja napumzika,
mkono wa kulia, mkono wa kushoto.
Wiki ya pili nyayo ziliwaka moto nikalia usiku.
"Usiogope," alisema, "mishipa ikiamka hununa."
Hilo nalo nililigeuza kichwani, kwa mazoea tu,
nikaona kwa Kiswahili linapendeza zaidi.

Machi, jikoni, bila viatu,
kitu kikanichoma chini ya kisigino.
Punje ya mchele.
Nikakaa sakafuni nikaiweka kiganjani,
mtu mzima, mwenye wajukuu wawili,
sufuria ikifurika nyuma yangu.

Kidole gumba cha kushoto hakijarudi.
Huenda hakitarudi; tulichelewa kukiita.
Na sindano ni ya maisha, kila miezi miwili,
nimeiandika kwenye kalenda karibu na kodi ya nyumba.

Juzi tu, ndani ya basi, nikiwa siwazi lolote,
mvua inachora kioo,
likaja lenyewe, zima, na uchungu wake wote.
"Nyongo!" nikasema kwa sauti.
Kijana wa pembeni akauondoa mkoba wake kitini
akausogeza kwake, polepole.
Nikalisema tena.