Kibuyu cha Usiku

Fomu namba saba ina safu tatu:
tarehe, muda, mara ngapi.
Mama Sechelela hakuwahi kushika kalamu
ila ana vibuyu viwili kwenye boriti ya tembe,
kimoja cha mchana, kimoja cha usiku,
na kila Nyemo anapoanguka
hudondosha humo punje moja ya uwele.

Nafika Handali saa nne, nimekula vumbi tangu lami ilipoishia.
"Mbukwenyi," nasema, naye ananisogezea kigoda.
Tunamwaga punje kwenye ungo.
Mchana, tatu.
Usiku, mbili.
"Hii nyembamba," anasema, "ni siku alipokodoa macho tu,
hakuanguka. Nikaichagua makusudi."
Fomu haina safu ya punje nyembamba.

Mwaka jana, kabla dole gumba lake
halijagusa wino na kukubali,
kibuyu cha usiku kilijaa mpaka shingoni.
Mwaka jana Nyemo aliangukia mafiga,
mlenda ukamwagikia mkono wa kushoto,
na wajomba zake wakasimama mlangoni wakitazama
kwa kuwa povu, walisema, linaambukiza.
Mama peke yake ndiye aliyemgeuza ubavu.

Chupa imeandikwa 047. Jina la dawa halipo.
"Mwanangu anakunywa ile ya zamani au ile mpya?"
Huniuliza kila mwezi,
labda mwezi huu nitasahau kunyamaza.
Sijui, mama. Daktari naye hajui.
Inayojua ni bahasha, iko Dodoma mjini,
ndani ya kabati la chuma, na ufunguo hana hata bosi wangu.
Anacheka mpaka anashika mbavu:
"Kumbe mmekuja vipofu wawili
kumuuliza njia mwenye macho!"

Kisha nahesabu vidonge.
Vilipaswa kubaki kumi na vinne.
Vipo viwili.
Narudia, moja moja, kwa ncha ya kalamu.
Viwili.

Kicheko kimekwisha. Anajifunga kanga upya.
"Kuna binti wa kwa Mbeleje, nyuma ya zizi,
yule wanayemficha wageni wakija.
Nilimpa nusu kila jioni. Jioni ishirini na nne."
Anafungua pindo la kanga.
"Na hesabu yake hii hapa."
Punje moja.

Nilifundishwa jina la jambo hili, semina ya siku tatu,
chai na sambusa: ukiukaji wa itifaki.
Huandikwa siku hiyohiyo, kwa wino mweusi.
Namwambia, mama, mtoto yule hajapimwa,
hatujui kiasi chake, ungeweza kumdhuru.
Ananisikiliza kama mtu anayesikia
kwamba mvua imenyesha Kondoa.

Niliandika. Siwezi kusema sikuandika.
Kisha nikazunguka nyuma ya zizi.
Anaitwa Damari. Ana miaka tisa, hana namba,
na nyusi moja iliungua haikuota tena.
Alinitazama miguu tu.
Nilimwandikia karatasi ya kwenda kliniki,
na baba yake akaikunja mara nne, ndogo kabisa,
akaiweka mahali nisipopaona.

Mwezi wa sita bahasha ilifunguliwa.
Ukutani, kwenye mwanga wa projekta, profesa alisoma:
kati ya A na B, hakuna tofauti ya maana.
Watu wakafunga kompyuta zao, chakula kikaja.
Mimi nilikuwa nahesabu kichwani:
kibuyu kimejaa mpaka shingoni,
na punje tano kwenye ungo.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia, si kwa simu.
Utafiti umekwisha, mama. Dawa zote mbili ni nzuri.
Alisema amefurahi, na nadhani alifurahi.
Alivining'iniza vibuyu vyake, akapangusa mikono.
"Na chupa ya mwezi ujao
ataileta nani?"

Nilivaa kofia ngumu.
Pikipiki haikuwaka mara ya kwanza,
wala ya pili,
na yeye alikuwa bado amesimama pale.