Nyekundu kwa Nyekundu

Chedego, waya wako bado ninao.
Mita sita za shaba, nene kama mkia wa panya buku,
ulizonipimia pale Majengo kwa rula ya shule
huku ukiapa kwamba shaba hii haijui kutu,
kwamba sauti ikipita humo haikwaruzwi na kitu,
inatokea upande wa pili
kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Nilikulipa kreti nne za zabibu.
Dada yangu Sechelela alihesabu kreti, akahesabu mita,
akasema, kwa bei hiyo ningekuimbia mwenyewe.

Ulinikuta na njaa, ndiyo maana.
Redio ni ya baba, amplifaya na spika mbili za mbao,
aliinunua mwaka tuliounganishiwa umeme Veyula.
Waya wake ulikuwa wa kengele ya mlango, mwembamba,
umeungwa mara mbili kwa plasta ya kidonda
kwa kuwa ile ya mafundi ilikuwa imekwisha.
Na kaseti niliyoitaka ilikuwa moja tu:
baba na ilimba yake, mavuno ya uwele,
anaimba, anakohoa, anamwita mtu asogeze kibuyu.

Miaka kumi na moja nimeisikiliza
na baba hana tumbo.
Sauti yake imetawanyika chumbani kama pumba,
haina pa kukaa.
Dole gumba lake linabonyeza ule ulimi mrefu kuliko zote,
najua linabonyeza,
siusikii.

Nikaulaumu waya. Wewe ukaulaumu zaidi.

Jumapili, upepo wa Agosti ukimwaga vumbi juu ya bati,
nikageuza spika, nikafungua tundu za nyuma.
Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi,
kulia, kisha kushoto, kama ulivyonielekeza.
Nikabonyeza.

Baba akaja katikati.
Hakuwa kwenye spika ya kulia wala ya kushoto,
alikuwa katikati, juu ya kabati la vyombo,
pale pasipo na kitu ila birika la wageni,
kifua chote, tumbo lote,
na ule ulimi mrefu ukagonga hadi vikombe vikaitikia.
Sechelela akatoka jikoni, mwiko wa mlenda unadondoka.
Hakusema kitu. Akakaa chini.

Nilitaka kukupigia simu saa ileile, nikuongezee kreti ya tano.
Lakini nimelelewa na mtu aliyeonja chumvi mara mbili.
Nikaurudisha ule wa kengele, na plasta yake,
safari hii nikiangalia rangi.
Sechelela nikamfunga macho kwa kitenge.
Huu upi? Akasema, wako wa kreti nne.
Nikabadili. Na huu? Akasema, wa kreti nne.
Nikabadili tena. Akasema niache upuuzi,
nirudishe wimbo mwanzo.

Rangi zilikuwa zimepishana, Chedego. Basi.
Spika ya kushoto, nyekundu imeshika nyeusi,
moja inasukuma, nyingine inavuta,
kama watu wawili waliobeba kitanda
kila mmoja akielekea mlango wake,
na aliyelala juu yake hafiki popote.

Na aliyezipishanisha namjua.
Usiku wa matanga tulitoa redio nje, tupate pa kutandika mikeka.
Ni mikono hii iliyoirudisha ndani,
kwa tochi ya betri zilizochoka,
nikijikaza nisilie.

Sitakudai kreti zangu.
Zabibu zenyewe zilikuwa za mwisho, zimeanza kuchachuka,
nawe hukuziangalia chini.
Waya wako nimeufungia mzabibu wa pili kutoka kisimani,
ule ulioelemewa, uliokuwa unaulalia ukuta.
Umeshika vizuri.
Mvua zimepita, nimeukwangua kwa kucha ncha yake kuona:
hauna kutu.
Hapo hukudanganya.