Katika Filamu, Nyuki Hawaumi

Nimeketi safu ya saba, kiti kinalia kama kifaranga,
Kutaisi, ukumbi wa sinema uliopakwa rangi juzi
na bado unanuka.
Wameandika kwa herufi kubwa: imetokana na riwaya.
Riwaya nayo imetokana na nini, hawakuandika.

Imetokana na mimi, jamani,
na gari la ami yangu Nodari, Niva ya rangi ya maziwa yaliyochacha,
mlango mmoja umefungwa kwa kamba.
Tulikuwa na miaka kumi na minne, mimi na Gocha.
Yeye alikuwa na ramani, kaichana kwenye kitabu cha shule;
mimi nilikuwa na miguu mirefu.
Ndiyo maana niliendesha mimi.
Kitabuni anaendesha yeye.
Kwenye filamu anaendesha kijana mwenye ndevu
ambaye, nipeni Biblia niape, ana mke na watoto.

Mama yake alikuwa Ugiriki, akimwogesha mama wa watu.
Toka Batumi hadi kwake, Gocha alipima:
vidole sita tu.

Kilomita ya ishirini redio ikaanza kuvuma.
Gocha akasema, izime.
Niva haikuwa na redio.

Mizinga mitatu, nyuma, chini ya turubai!
Ami alikuwa aipeleke mlimani kwenye maua, alfajiri ile ile.
Katika filamu nyuki wanatoka dirishani mmoja mmoja,
dhahabu tupu, na fidla zinalia.
Wetu walitoka kwa shari.
Uso wa Gocha uliumuka kama unga uliotiwa hamira mara mbili,
sikio la kushoto likakataa kabisa kuwa sikio.
Samtredia polisi akatusimamisha, akachungulia,
akauona uso ule, akaisikia ile redio,
akapiga saluti.
Hapo wao wameweka magari matatu yanayofukuzana na daraja linalolipuka.

Lanchkhuti, bibi mmoja, Pelagia,
alitupaka siki, akatuchapa kwa kandambili,
akatulisha, akakumbuka kitu, akatuchapa tena.
Kwenye filamu ana macho ya mbali na anazungumza kuhusu maisha.
Pelagia hakuzungumza kuhusu maisha.
Alisema: kula.

Batumi tuliingia usiku, mvua inapiga.
Mwenye tiketi hakuinua kichwa.
Meli ya Ugiriki hakuna.
Ipo ya Bulgaria, inabeba mabehewa.
Gocha akauliza, Bulgaria ni vidole vingapi?

Kitabuni, hapa anaitazama bahari na kuelewa.
Kuelewa nini, nimesoma mara tatu sijakuta.
Kwenye filamu anayapigia kelele mawimbi
na mawimbi, yenye adabu, yanamjibu.
Nawaambia kilichotokea: alisema, nifundishe kuendesha.
Akaenda hatua kumi na mbili, akagonga pipa la taka.
Tukacheka. Tukacheka hadi vioo vikaingia ukungu,
kisha mimi nikamaliza kucheka
na yeye akaendelea, ila haikuwa tena kucheka.
Sikumshika bega. Sikujua kama bega linashikwaje.
Nilihesabu nyuki waliobaki kwenye kioo cha mbele:
kumi na mmoja, wamelowa, wanatembea kama wazee wa msikitini Batumi
wakiwahi swala, kila mtu na wake mwendo.

Hilo halimo kitabuni.
Nilimuuliza kwa nini, mwaka ule kilipotoka.
Akasema, lile ni lako.

Sasa yuko safu ya tatu, amevaa suti inayombana kwapani.
Mama yake pembeni, alirudi, nywele nyeupe,
anatafuna bisi kwa sauti ya mtu aliyelipa.
Mimi nimo pia humo, kwenye pazia: binamu,
maneno sita, gauni la manjano.
Sina neno.

Nyuki wanatoka. Ukumbi mzima unashusha pumzi, aah.
Gizani namwona Gocha anapeleka mkono,
taratibu, kwenye sikio la kushoto.
Nami mguu wangu wa kulia, sijauambia kitu,
umekandamiza sakafu,
unatafuta breki.